Nyumba Haikumbuki, Hukumbusha

Watu wengi husema kwamba nyumba fulani yakumbuka mambo ya kale. Usemi huo wapendeza, lakini si sahihi, na Kiswahili chenyewe chatuonyesha kosa lake. Kukumbuka ni kazi ya moyo. Kukumbusha ni kumwamsha mwingine ili akumbuke. Nyumba haina moyo. Hukumbusha tu, nayo hukumbusha maadamu wapo watu waijuao maana yake. Tena tunalo neno la tatu, kusahaulisha, na yako majengo yafanyayo kazi hiyo. Katika makala haya twataka kueleza aina tatu za majengo, mbili za nchi jirani na moja ya kwetu, ili tuone lipi litufaalo sisi wa Nyarubungo na wenzetu wa Ngara na Biharamulo.

Aina ya kwanza ni nyumba idumuyo kwa sababu hutengenezwa upya. Mfano wake mkuu ni Muzibu Azaala Mpanga, iliyoko Kasubi, katika mji wa Kampala. Kabaka Mutesa wa Kwanza aliijenga mwaka 1882 iwe jumba lake, na alipokufa mwaka 1884 akazikwa humo. Baadaye walizikwa humo Mwanga, aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Kisha Daudi Chwa. Kisha Mutesa wa Pili, aliyefia London mwaka 1969. Ni nyumba ya mviringo, iliyojengwa kwa miti, matete na nyasi. Ndani ya paa mna pete 52, kwa hesabu ya koo 52 za Buganda, hata mtoto akiinua macho aweza kuihesabu jamaa yake yote. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, nao hurithishana kazi hiyo baba kwa mwana.

Mtu aweza kusema kwamba nyasi ni kitu dhaifu, kwa kuwa huoza. Ni kweli huoza, na hapo ndipo penye faida. Kwa kuwa paa huoza, hapana budi kila kizazi kipande juu yake na kujifunza. Tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza nyumba hiyo usiku. Kama ukumbusho ungalikuwa katika nyasi, ungalikwisha usiku ule ule. Lakini ulikuwa mikononi mwa watu. Nyumba ikajengwa tena, na mwezi wa Septemba 2023 UNESCO ikaiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Aina ya pili ni nyumba ambayo watu wamekataa kuitengeneza. Kule Nyamata, nchini Rwanda, pana kanisa ambalo watu walilikimbilia mwezi wa Aprili 1994, nao wakauawa humo. Matundu ya bati hayakuzibwa, na mavazi ya waliouawa yamewekwa juu ya mabenchi. Fundi akiona paa lililotoboka huona haya. Lakini hapo tundu ndilo neno lenyewe. Wala tusidhani kwamba kuacha kitu kilivyo ni kazi rahisi. Nguo huliwa na wadudu, kuta hupata unyevu, na walinzi wake hawana siku ya kupumzika. Nyamata, pamoja na Murambi, Bisesero na Gisozi, walipozikwa watu zaidi ya 250,000, ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwezi ule ule wa Septemba 2023.

Aina ya tatu tuliiona kwetu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Miongoni mwao walikuwamo wasio na hatia na wenye damu mikononi, wote pamoja. Huko Benaco ukatokea mji wa miti na maturubai. Mwezi wa Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao, na mji ule ukaondoka. Turubai haliachi gofu. Jina la Benaco lingaliko vinywani mwa wasafiri wa barabara kuu, lakini jina peke yake halimwelezi mtoto lolote. Hilo ni jengo lililosahaulisha.

Wako watakaosema kwamba ni afadhali hivyo, kwani wahenga walinena: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Hatulikatai neno lao. Lakini mganga hawezi kuganga yajayo bila kuuliza ugonjwa ulianzia wapi.

Siku moja tuliwaagiza wanafunzi wetu wachore nyumba ya msonge na kutaja sehemu zake. Walitaja mlango, nguzo na paa, wakaishia hapo. Tulipowatuma kwa babu zao, walirudi na maneno mengi ambayo sisi waalimu wenyewe tulikuwa hatuyajui. Tulifurahi, kisha tukaona hofu. Maana babu hao ni wachache, na nyumba za mabati hazihitaji maneno yao.

Basi shauri letu ni hili. Ikiwa siku moja watu wa Ngara watataka kujenga ukumbusho wa mwaka 1994, wasianze kwa kuuliza bei ya saruji. Waulize kwanza: nani ataurudia kila mwaka, na kwa kazi gani? Na ujengwe msonge mmoja kando ya barabara, kijiji hiki kilete nyasi, kile kilete matete, wazee waelekeze na vijana waezeke; na wakati wa kuezeka yasimuliwe mambo yote, ya ukarimu na ya aibu pia. Mnara wa saruji waweza kusimama miaka mia bila mtu kuugusa, na asiyeguswa husahauliwa. Paa la nyasi litawaita watu tena kabla hawajasahau.