Chikanda si muhogo: tuichimbe namna gani ili irudi?

Ndugu wana-koperative, wengi wetu tunajua kula chikanda. Viazi vyake vidogo vinachimbwa kwenye dembo, vinakaushwa na kutwangwa, halafu unga wake unapikwa pamoja na unga wa karanga na pilipili mpaka unashikamana. Wachache wanajua kama mmea huu ni okidi, ndugu ya yale maua ya bei kali ambayo watu wa mjini wanakomesha ndani ya kopo la vijiwe, maji kidogo yakibaki chini. Ndiyo maana swali linakuja: tunaweza kulima chikanda ndani ya kopo vilevile?

Kwa sasa hapana. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni maji. Okidi nyingi za kopo zinatoka juu ya miti. Mizizi yake inapenda hewa na unyevu pamoja. Chikanda inaishi ndani ya udongo. Mvua ikiisha, majani yanakauka na kiazi kinalala mpaka mvua irudi. Ukikiweka ndani ya maji mwaka mzima, kitaoza.

Ya pili ni mbegu. Tunda moja lina mbegu maelfu, ndogo kama vumbi, lakini ndani yake hakuna akiba ya chakula kama ya mahindi. Haioti bila kulishwa na kuvu fulani wa udongoni. Kwenye maabara wanaweza kuiotesha ndani ya chupa safi yenye sukari. Kwenye bustani ya nyumbani ni shida.

Kwa hiyo shamba la chikanda ni dembo lenyewe. Zambia walichimba mpaka ikapungua sana, wachuuzi wakaanza kuitafuta Tanzania na hapa Congo. Kule Tanzania, nyanda za Kitulo zenye okidi nyingi zilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Sisi tufanye hivi:

1. Tusichimbe mmea wenye maua. Tungoje matunda yakauke na kupasuka, mbegu zimwagike.

2. Mimea mingi ina viazi viwili: cha zamani kimenyauka, kipya ni kigumu. Kile kipya ndicho mmea wa mwaka ujao. Ukikiondoa, umemaliza mmea. Basi kila mahali tuache mimea mingi bila kuigusa.

3. Tufukie shimo, udongo urudi pale pale.

4. Mkutano ugawanye dembo kwa sehemu: moja ichimbwe, zingine zipumzike miaka kadhaa.

5. Okidi zote zinalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Kabla ya kuvusha mzigo mpakani, muulize kibali.

Muhogo ukiisha, unapanda kijiti kingine. Chikanda ikiisha kwenye dembo, hakuna kijiti cha kupanda.