Vileja vya Nyumbani, na Watoto Jikoni



Majilio yakikaribia, kila mwaka wazazi huniletea lalamiko moja. Watoto wataka vitu vitamu vya Noeli, na fedha hazitoshi. Hupita madukani wakaona biskuti katika makaratasi yenye kung'aa, hurudi nyumbani wakasumbua, na mama hana la kuwajibu. Basi nataka kuwaandikia habari ya kitu kitamu kinachofanywa kwa mchele na samli na moto wa makaa, tena kinachofanywa pamoja na watoto, si kwa ajili yao tu. Nacho ni kileja.

Watu wa Unguja, Pemba, Mombasa na Tanga hawana haja ya kuelezwa kileja ni nini. Kwa ndugu zangu wa bara nasema hivi: ni biskuti ya mviringo ya unga wa mchele, nyeupe, yenye harufu ya hiliki, nawe ukiitia kinywani yavunjika yenyewe kabla hujaitafuna. Neno biskuti asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kitu kilichopikwa mara mbili, kwa kuwa mabaharia wa zamani walichukua mikate iliyokaushwa sana motoni ili isiharibike safarini. Kileja hakina ugumu ule. Ni jamaa ya nankhatai ya Wahindi, ambayo nayo ni unga na samli na sukari.

Kazi huanza siku moja kabla. Mchele huchaguliwa mawe, huoshwa, hurowekwa muda wa saa 2, huchujwa, kisha huanikwa kivulini hata maji yaondoke. Baada ya hayo hutwangwa kinuni na kuchekechwa, na chenga zinazobaki hurudishwa kinuni. Hapa watoto wana kazi tele. Wadogo wachague mawe, maana macho yao ni makali kuliko yetu. Wakubwa washike mchi. Mwenye unga wa dukani na autumie, hatendi dhambi, ila atakuwa amewanyima watoto nusu ya furaha.

Vipimo ni hivi: unga wa mchele vikombe 3, sukari kikombe 1, samli kikombe 1, mayai 2, hiliki punje 8 au 10 zilizomenywa na kutwangwa, na chumvi kidogo sana. Kikombe kiwe kile kile kwa vyote. Hutoka vileja yapata 30.

Mwalimu asomaye haya aone hapa somo la hesabu. Mtoto aliyeshindwa na sehemu ubaoni, mwambie, "Leo tuna samli nusu kikombe tu, je, unga tutie vikombe vingapi?" Akijibu 3, mchanganyiko utakuwa vumbi lisiloshikana, naye atalijua kosa lake kwa vidole vyake mwenyewe, wala hutahitaji fimbo. Akijibu kikombe 1 na nusu, na yai 1, amekwisha kufahamu jambo ambalo chaki imeshindwa kumfundisha kwa mwezi mzima. Bibi zetu walipima kwa vibaba, na vibaba 4 vilifanya pishi 1. Hawakuandika kitu, na chakula chao hakikuharibika.

Sukari kwanza itwangwe iwe laini, kwa maana punje kubwa hubaki zikilia menoni. Itie katika bakuli pamoja na samli iliyoganda, upige kwa mwiko wa mti hata mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi. Kazi hii yachosha mkono, basi wapokezane, kila mtoto ahesabu mapigo 100 na kumpa mwenzake. Si mchezo wa bure: mapigo hayo huingiza hewa, na hewa ndiyo ifanyayo kileja kiwe chepesi bila hamira. Kisha mayai, moja moja, kisha hiliki na chumvi, na mwisho unga kidogo kidogo. Unga wa ngano una kitu cha kunata ndani yake, ndiyo sababu mkate hushikamana ukavutika. Unga wa mchele hauna. Kwa hiyo usishangae donge likiwa linapasuka mikononi. Likikataa kabisa kushikana, ongeza kijiko cha samli, usiongeze maji.

Watoto wasilambe bakuli. Najua ndilo jambo walipendalo kuliko yote, walakini mayai mabichi yaweza kuwa na vijidudu vya kuumiza tumbo. Waambie sababu, maana mtoto aliyeelezwa sababu hutii hata mama akigeuka nyuma.

Nimefikia neno lililonifanya nishike kalamu. Katika mtaa mmoja baba alimleta kwangu mwanawe wa miaka 9, akaniambia, "Mwalimu, huyu ni mwizi. Sukari ya mama yake huisha kabla ya mwezi kwisha. Nimempiga, nimefunga sanduku, naye huvunja kitasa. Mkemee wewe." Mtoto alisimama akiitazama miguu yake.

Nikauliza, "Ndugu yangu, sukari hiyo amepata kukabidhiwa hata siku moja?"

Baba akastaajabu. "Nani ampaye mwizi ufunguo, Mwalimu?"

Nikamwomba, Jumamosi mama apike vileja, na mtoto huyu ndiye apime sukari, wala mtu asimchungulie. Vikiisha kuiva avihesabu, avitie koponi, avitunze mpaka Jumapili, na baada ya ibada agawe yeye mwenyewe. Baba alikubali kwa kunistahi tu; uso wake ulisema mengine.

Jumatatu mama alinipa habari. Jioni ya Jumamosi vilihesabiwa 31. Jumapili, kopo lilipofunguliwa, vilikuwa 29. Baba akaanza kuinuka kitini. Mtoto akasema kabla ya kuulizwa, "Kimoja nilikila mimi usiku. Kimoja nilimpa dada, maana aliniona." Mama asema baba alinyamaza kitambo, akaketi tena, kisha akacheka hata machozi yakamtoka. Siwaambii kwamba mtoto yule amekuwa malaika. Nawaambia hili tu, kwamba ufunguo wa sanduku sasa hutundikwa msumarini karibu na mlango, mahali ambapo mtoto wa miaka 9 aufikia.

Twafunga vitu, kisha twastaajabu watoto wetu hawajui kutunza. Mimi naona heri kupoteza vileja 2 katika 31 kuliko kumlea mtu ambaye uaminifu wake watoka kwa fundi wa vitasa.

Wazee wengine husema kwamba mwana mwanamume akikaa jikoni ataharibika. Neno hili nimelisikia hata kwa wazee wa kanisa. Lakini twasoma katika Injili ya Yohana, sura ya 21, kwamba Bwana wetu alipokwisha kufufuka aliwangojea wanafunzi wake ufukoni mwa bahari ya Tiberia, na moto wa makaa ulikuwa tayari, na samaki juu yake, na mkate. Kama Bwana aliwaandalia wavuvi chakula, mwana wa mtu gani atapungukiwa kwa kukanda unga? Wakristo wa Ujerumani nao wana desturi ya kuoka biskuti majuma ya Majilio, na watoto wao, wa kiume na wa kike, hukusanyika mezani kukata maumbo ya nyota na mwezi. Vileja havikatwi, hufinyangwa. Kila mtoto afanye tonge kadiri ya ndimu ndogo, alibonyeze kidogo kiganjani, kisha atie alama yake juu: huyu msalaba, huyu jani, huyu kidole gumba. Vikiiva, hapatakuwa na ugomvi kwamba kipi ni cha nani.

Sasa moto. Mwenye joko apashe hata digrii 160 au 170, aoke dakika 20 hivi. Sisi tusio na joko tuchukue sufuria kubwa nzito, tutie mchanga mkavu kimo cha vidole viwili, tuweke vijiwe vitatu, na juu yake sinia dogo lililopakwa samli. Funika kwa mfuniko wa bati, upashe kwanza dakika 10 kabla ya kutia vileja. Makaa yawe machache chini na mengi juu ya mfuniko. Wengi hukosea hapa, huweka moto mkali chini, na vileja huungua tumbo hali kichwa kibichi. Oka kimoja peke yake kwanza ili kupima moto. Kileja kilichoiva hubaki cheupe juu, chini huwa na rangi ya dhahabu kidogo, na juu hupasuka nyufa ndogo. Nyufa hizo si kosa, ndizo sura yake. Usikiinue kingali moto, kitavunjika. Kiache sinia lipoe kabisa, hata watoto wakilia.

Aliye chini ya miaka 7 asikaribie makaa, na kuinua mfuniko ni kazi ya mtu mzima. Maji yawe karibu katika ndoo tangu mwanzo. Mtoto akiungua, mara moja mwagia mahali pale maji safi ya baridi yanayotiririka, muda wa dakika 20, bila kuchoka. Usimpake samli, wala majivu, wala yai, wala dawa ya meno, ingawa jirani wote wakushauri hivyo. Vitu hivyo huzuia joto lisitoke na huchafua kidonda. Lengelenge usilitumbue. Akiwa ameungua uso au mikono, au mahali papana kuliko kiganja chake, mpeleke zahanati siku ile ile.

Vileja vilivyopoa hukaa juma moja na zaidi katika kopo kavu lenye mfuniko wa kubana. Viandaliwe baada ya chakula, si badala yake, na watoto wasukutue maji, kwa kuwa sukari ni adui wa meno.

Limebaki jambo la sahani. Siku za Idi majirani zetu Waislamu hupika vileja hivi hivi, na sahani huja mpaka milangoni petu sisi Wakristo. Nanyi mwajua kwamba kwetu sahani hairudi tupu. Kwa hiyo, kabla kopo halijafungwa, toa vileja 6 au 8, vizuri, vile visivyovunjika, uvipange katika sahani ya jirani, ufunike kwa kawa, na aliyepima sukari ndiye apeleke. Afike, apige hodi, amwamkie mama wa nyumba ile, aseme vimefanywa na nani, na kuonyesha alama yake ni ipi.