Motakaa Inapochemka

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila aliyepata kusafiri amekwisha kuliona: motakaa imesimama kando ya njia, boneti i wazi, mvuke watoka kama chungu kilichosahauliwa jikoni, na abiria wamekaa chini ya mti wakingoja. Mara nyingi dereva hutia maji, akaendelea na safari, na kesho yake injini huchemka tena. Kutia maji si kutengeneza. Yapasa kuuliza: maji yamekwenda wapi? Na kama hayakupungua, mbona hayakupoza?

Kwanza tujue kazi ya maji hayo. Petroli inapoungua ndani ya silinda, nguvu inayosukuma magurudumu haizidi sana theluthi moja ya joto lote. Joto jingine hutoka pamoja na moshi, na jingine hubaki katika chuma. Hilo lililobaki lisipoondolewa, chuma kitapanuka, oili itakuwa nyepesi kama maji, na pistoni zitakwama. Kwa hiyo pampu huyazungusha maji katika njia zilizo ndani ya injini, yakachukua joto, yakaenda kwenye rejeta, na huko upepo wa feni huyapoza. Kati ya injini na rejeta pana mlango mdogo uitwao themostati. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa; maji yakifika kiasi cha digrii 80 hivi au 90 za Selsiasi, hufunguka wenyewe.

Sasa tusikilizane sana katika neno hili la kifuniko cha rejeta. Maji ya Mombasa, kando ya bahari, huchemka kwa digrii 100. Nairobi, iliyo juu kiasi cha mita 1,700, huchemka karibu na digrii 94, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Kifuniko cha rejeta hukaza na kuzuia mvuke, na maji yaliyobanwa hivyo huweza kupita digrii 110 yasichemke. Basi mtu akikifungua injini ikiwa moto, kile kilichoyabana kimeondoka, na maji huchemka ghafla na kumrukia usoni pamoja na mvuke. Sisi wenyewe tulipata kumwona kijana mmoja, msaidizi wa dereva, aliyefungua kwa kitambaa akidhani kitambaa chatosha. Ngozi ya mkono wake ilitoka mpaka kiwikoni, na jicho moja lilichukua majuma mengi kupona. Zima injini, ungoje nusu saa au zaidi, mpaka bomba la juu la mpira lishikike kwa mkono pasipo kuunguza. Ndipo ukifungue polepole. Wala usitie maji baridi katika injini yenye moto, maana chuma hupasuka.

Na kama mshale wa joto umepanda ukiwa njiani, nawe huna mahali pa kusimama, zima kile chombo cha kupoza hewa ya ndani, kisha ufungue kile cha kutia joto ndani ya gari. Mtatoka jasho, lakini joto hilo limetoka katika injini.

Injini ikiisha kupoa, tazama maji. Yakiwa yamepungua, tafuta yanapovujia. Pitisha mkono chini ya mabomba ya mpira na penye vikaza vyake. Tazama chini ya pampu, na katika rejeta utafute alama nyeupe au za kutu, kwa kuwa maji yakikauka huacha alama. Raba ya kifuniko nayo iangaliwe. Ikiwa imekatika au kukauka, maji yatachemka mapema na kumwagika, na mwenye gari atanunua rejeta mpya bure, hali kosa lilikuwa la kitu cha bei ndogo.

Yakiwa hayakupungua, fikiri ilichemka wakati gani. Ikichemka inapokwenda polepole au kusimama mjini, na kupoa katika mwendo wa kasi, shuku feni: pengine mkanda umelegea au umekatika, na kama feni ni ya umeme, fyuzi imeungua. (Feni ya umeme yaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa, ondoa waya wa betri kwanza, uokoe vidole vyako.) Ikichemka katika mlima au mwendo wa kasi, yaelekea rejeta imeziba. Nje huzibwa na wadudu na vumbi; osha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, ukitokea upande wa injini. Ndani huzibwa na kutu na chokaa ya maji ya kisima. Ndiyo maana dawa ya rejeta inafaa kuliko maji matupu, hata katika nchi isiyo na baridi, kwa kuwa huzuia kutu.

Ikichemka upesi baada ya kuwashwa, na bomba la kwenda kwenye rejeta lingali baridi, themostati imekwama. Ifungue, uining'inize kwa uzi katika sufuria ya maji, uyachemshe. Isipofunguka, nunua nyingine. Mafundi wengine huitupa na kuacha mahali pake wazi. Hatuwasifu, kwa maana injini isiyopata joto lake hula petroli nyingi na kuchakaa upesi.

Yako maradhi moja tusiyokushauri kuyatibu nyumbani. Maji yakipungua kila siku pasipo tone kuonekana chini, na moshi ukawa mweupe wenye harufu tamu, au oili ikafanana na chai ya maziwa, au povu likapanda katika rejeta injini inapozunguka, basi gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Usiendelee kuiendesha hata maili moja. Ivutwe mpaka kwa fundi.

Na ile dawa ya zamani uliyoimwaga, usiiache katika karai uani. Nyingi yake ni tamu mdomoni nayo ni sumu. Mbwa huinywa akafa, na mtoto vilevile.