Mapatano ya kutengana na mipaka yake

Mapatano ya kutengana ni maandishi ambamo mume na mke walioshindwa kuishi pamoja wanapanga nani atakaa wapi, nani atalea watoto, nani atalipa nini na mali itatunzwaje. Katika jimbo la Tanganyika nchini Kongo, kuanzia mji wa Kalemie hadi Piana-Mwanga na vijiji vilivyo mbali na tribinali, mambo haya huzungumzwa kwanza mbele ya wazee wa pande mbili. Kikao cha familia kina thamani kubwa, kwa kuwa kinatuliza ugomvi na kuwakumbusha wazazi wajibu wao. Hata hivyo hakiwezi kuvunja ndoa. Asiyejua mpaka huo anaweza kupoteza haki zake, na mara nyingi anayeumia zaidi ni mwanamke aliyerudi kwao na watoto bila karatasi yoyote.

Ndoa nchini Kongo inatawaliwa na Kodi ya Familia, yaani sheria ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Kodi hiyo inakataza mwenzi kumfukuza mwenzake na kuhesabu kwamba ndoa imekwisha. Wenzi wote wawili wakiwa hai, talaka hutokana na hukumu ya tribinali. Hakimu huitoa akiridhika kwamba muungano umeharibika kabisa na kwamba maisha ya pamoja hayawezekani tena.

Kwa hiyo wanaotengana bila hukumu bado ni mume na mke. Hakuna kati yao anayeweza kufunga ndoa nyingine, na wajibu wa uaminifu na wa kusaidiana haujaondoka. Kurudisha mahari nako hakubadilishi jambo hilo: kimila familia zinaweza kuona kwamba mambo yamekwisha, lakini kwa sheria ndoa ingali hai. Ikiwa mahari yamezungumzwa, mapatano yaeleze wazi kilichorudishwa, na nani alikipokea, ili deni hilo lisifufuke baada ya miaka.

Kabla ya kuandika lolote, ni lazima kujua ndoa ilifungwa vipi. Ndoa iliyofungwa katika familia kwa mila inatakiwa kuandikishwa kwa ofisa wa etasivili. Ndoa ya kanisani au msikitini peke yake haitoshi mbele ya sheria. Ndoa ambayo haikuandikishwa ni ngumu kuthibitishwa wakati wa kugawana mali. Hata hivyo, ukosefu wa cheti haumwondolei mtoto haki yake kwa wazazi wote wawili: Kodi inataka kila mtoto Mkongomani awe na baba.

Upande wa mali, Kodi inatambua mifumo mitatu: kila mwenzi kubaki na mali yake, kuchanganya mali yote, au kushirikiana katika mali iliyopatikana ndani ya ndoa tu. Wenzi wasiochagua huwekwa katika mfumo huu wa tatu. Urithi na zawadi ya mtu mmoja hubaki vyake, lakini parseli iliyonunuliwa, nyumba iliyojengwa, au mtumbwi na nyavu zilizopatikana wakati wa ndoa ni vya wote wawili, hata kama karatasi ina jina la mume peke yake. Mapatano mazuri yanaorodhesha kila kitu pamoja na madeni, yanataja nani atakitumia kwa sasa, na yanazuia upande mmoja kuuza bila idhini ya mwingine.

Suala la watoto ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote, kwa sababu mila za jimbo hazifanani. Kwa Waluba wa Katanga mtoto huhesabiwa upande wa baba. Kwa Watabwa ukoo hufuata upande wa mama. Kila familia inaweza kudai mtoto kwa nia njema kabisa. Sheria haiulizi ukoo upi una nguvu, bali ni wapi mtoto atafaidika zaidi. Kwa sababu hiyo mapatano yataje mtoto atakaa na nani, atasoma wapi, mzazi mwingine atamwona siku gani, na kila mmoja atatoa kiasi gani kwa chakula, karo na matibabu. Kiasi hicho kiandikwe pamoja na tarehe ya malipo, kwa kuwa ahadi ya kusaidia kadiri ya uwezo haiwezi kudaiwa. Hakimu anaweza kubadilisha kifungu chochote kinachomdhuru mtoto, hata kama wazazi wamekubaliana.

Maandishi yawe na majina kamili, tarehe ya kutengana, sahihi za wenzi na za mashahidi wa pande zote mbili. Asiyejua kusoma asomewe kila kifungu katika lugha anayoielewa kabla ya kutia kidole. Mapatano yakithibitishwa na notero, itakuwa vigumu kukana baadaye kwamba yalifanyika.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kutoa amri ya kutengana huku ndoa ikiendelea kuwepo. Kwa Kongo, njia iliyo wazi zaidi kwa wanaotaka kumaliza ni kuomba talaka katika Tribinali ya Amani. Rais wa tribinali huanza kwa kuwaita wenzi wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Upatanisho ukishindikana, kesi husikilizwa, na wakati huo tribinali inaweza kuamua kwa muda makazi, matunzo na malezi ya watoto. Asiyeridhika na hukumu hukata rufaa katika Tribinali Kuu ya eneo. Mapatano yaliyoandikwa vizuri humsaidia hakimu katika hatua hizo zote, maana yanamwonyesha wenzi walikubaliana nini, tangu lini, na mbele ya nani.