Mjumbe anabeba mtaji wa nani?

Tunasemaka mjumbe hauawi. Sawa. Lakini mjumbe anaweza kupoteza kila kitu bila mtu kumugusa hata kidole.

Henry James, mwandishi wa Marekani, alionyesha hiyo katika riwaya The Ambassadors, ya mwaka 1903. Bibi Newsome, mjane tajiri wa Woollett, mji wa kubuni kule Massachusetts, anamutuma Lambert Strether, mwenye miaka 55, aende Paris kumurudisha kijana wake Chad. Nyumbani wanaamini Chad ameshikwa na mwanamke mubaya, na biashara ya familia inamungoja. Strether akifaulu, atamuoa bibi Newsome.

Tuangalie sasa mfuko wake. Mwanasosiolojia Mufaransa Pierre Bourdieu alitofautisha mtaji wa pesa, mtaji wa kijamii (watu wenye wako nyuma yako) na mtaji wa kitamaduni (masomo, lugha, jicho la kutambua kitu kizuri). Pesa, Strether hana. Mtaji wa kijamii, karibu wote ni wa bibi Newsome: hata gazeti lenye anaongoza, ni yule mama ndiye analilipia. Chake mwenyewe ni masomo na lile jicho.

Na ni jicho hilo ndilo linageuza safari. Kufika Paris, anakuta Chad amekuwa mtu wa adabu, na Marie de Vionnet ndiye alimufinyanga. Strether anamwambia kijana abaki. Hapo Woollett wanafunga robine: barua za bibi Newsome zinakatika, na binti yake Sarah anatumwa kuwa mjumbe wa pili. Sarah ni damu ya nyumba. Kwa mtaji wa kijamii anamupita Strether mbali. Lakini jicho lile hana. Anamuangalia Chad yule yule, haoni uzuri wowote.

Tusimusifu Strether kupita kiasi. Jicho lake nalo lilidanganywa: aliamini urafiki wa Chad na Marie hauna siri, mpaka siku moja akawakuta pamoja nje ya mji. Hata hivyo alimuomba Chad asimuache yule mwanamke. Aliamua kurudi bila ndoa na bila usalama wa mali.

Somo ni hili: mtaji wa kijamii wa mjumbe mara nyingi ni deni, mwenye alikukopesha anaweza kuuchukua siku anataka. Mtaji wa kitamaduni unakaa ndani yako, hakuna mwenye anaweza kukunyang'anya, lakini unaweza kukuonyesha kitu chenye waliokutuma hawataki kusikia.

Sisi wenye diploma, familia inatutuma ofisini ao kwa wakwe, eti «wewe ulisoma, utajua kusema». Siku utakuta kule ukweli mwingine, utaandika nini katika barua yako?