Karatasi ya Mkojo na Maneno Yaliyomo

Mtu apimwapo mkojo katika zahanati hupewa karatasi ndogo yenye alama za kujumlisha na maneno ya kigeni. Wengi huitia mfukoni bila kuielewa. Wengine huisoma vibaya, na hapo ndipo matata huanza: mume aonapo imeandikwa kwamba mkewe ana usaha katika mkojo, hudai kuwa ametoka nje ya ndoa, na shauri hufikishwa mbele ya wazee. Mara nyingi tuhuma hiyo haina msingi wo wote.

Vijidudu viletavyo ugonjwa wa njia ya mkojo kwa kawaida hutoka katika matumbo ya mgonjwa mwenyewe. Kile kionekanacho mara nyingi zaidi huitwa E. koli, nacho huishi matumboni mwa watu bila kuwadhuru, mpaka kipate njia ya kupanda kwenye kibofu. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi tu, hali wa mwanamume hufika kama sentimita 20. Tena ule wa mwanamke u karibu na njia ya haja kubwa. Ndiyo sababu wanawake huugua zaidi. Ni kweli kwamba tendo la ndoa laweza kuvisukuma vijidudu ndani, lakini hata mke na mume waaminifu kabisa hupatwa na jambo hilo. Kisonono ni ugonjwa mwingine, nao una vipimo vyake.

Mgonjwa husikia mkojo ukimchoma, huenda haja kila mara na kutoa matone machache, na huumwa chini ya kitovu. Akiwa na homa, kitetemeshi, kutapika na maumivu ya ubavuni au mgongoni chini ya mbavu, yamkini ugonjwa umefika kwenye mafigo. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile.

Katika karatasi, neno lukosaiti maana yake ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Zikiwa nyingi kuna vita mahali. Nitriti hufanywa na vijidudu vyenyewe mkojo ukikaa kibofuni muda wa saa 4 hivi, kwa hiyo mkojo wa alfajiri ndio ufaao. Nitriti isipoonekana haimaanishi kwamba mtu ni mzima, maana viko vijidudu visivyoifanya. Sukari humfanya daktari afikirie kisukari, na protini humfanya ayachunguze mafigo. Kwa watoto wa pwani waogao katika mabwawa ya Kwale na Kilifi au kandokando ya Mto Tana, damu katika mkojo huenda ikawa ni kichocho. Mayai ya kichocho hutafutwa katika mkojo uliotolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, si wa alfajiri.

Lakini mpimaji hawezi kusema kweli kwa mkojo ulioharibika. Chupa ya nyumbani iliyosuuzwa kwa maji ya mtoni ina vijidudu vyake. Yafaa kutumia kikopo cha zahanati, kunawa kwanza, kuuacha mkojo wa mwanzo upite, kukinga wa katikati, na kuufikisha kwa mpimaji upesi, kabla ya saa 2 kupita.

Mja mzito apimwe hata asipoumwa. Vijidudu vikionekana kwake hutibiwa, kwani vyaweza kupanda hadi kwenye mafigo na kusababisha mtoto azaliwe kabla ya wakati. Mzee asiye na dalili yo yote, kwa upande mwingine, kwa kawaida haitaji dawa kwa sababu tu vijidudu vimeonekana.

Vidonge vilivyoandikwa na daktari vimezwe mpaka viishe. Kununua viwili vitatu dukani huvifundisha vijidudu kuishinda dawa. Maumivu yasipopungua baada ya siku 2 au 3, mgonjwa arudi, na mkojo wake uoteshwe. Majibu ya kuotesha huchukua siku 2 au zaidi, nayo huonyesha ni dawa ipi iwezayo kuviua vijidudu vile.