Mbwa Anapokula Chokoleti: Hatua za Kuchukua Kabla ya Dalili Kuonekana

Kipande cha chokoleti kisichomdhuru mtoto kinaweza kumletea mbwa madhara makubwa. Pale ambapo daktari wa mifugo yuko mbali, mwenye mbwa huweza kumwendea kwanza mhudumu wa afya aliye jirani. Ni vema basi wote wawili wakafahamu la kufanya, na hasa la kutofanya.

Kwa nini chokoleti ni sumu kwa mbwa?

Mbegu za kakao zina teobromini pamoja na kiasi kidogo cha kafeini. Kemikali hizi huchochea moyo na mfumo wa fahamu. Mwili wa binadamu huivunja teobromini upesi, lakini katika mwili wa mbwa huchukua takriban saa 17 kupungua kwa nusu. Aidha, sehemu yake inayofika kwenye kibofu cha mkojo huweza kufyonzwa tena na kurudi katika damu. Ndiyo sababu madhara huweza kuendelea hadi siku tatu.

Kiasi gani ni hatari?

Dalili nyepesi huanza pale mbwa anapopata takriban miligramu 20 za teobromini kwa kila kilo ya uzito wake. Moyo huathirika kwenye miligramu 40 hadi 50, na degedege huweza kutokea kuanzia miligramu 60. Kwa mbwa wa kilo 10, gramu 100 za chokoleti ya maziwa zinatosha kuleta dalili nyepesi. Kiasi hichohicho cha chokoleti nyeusi huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Unga wa kakao ni mkali zaidi: gramu 10 tu zinaweza kumdhuru. Katika maeneo yanayolima kakao, kama Kyela mkoani Mbeya, mbegu zilizoanikwa nazo ziwekwe mbali na mbwa.

Dalili

Kwa kawaida dalili huonekana ndani ya saa 6 hadi 12. Mbwa hutapika, huharisha, hupata kiu na kukojoa mara kwa mara. Kisha hukosa utulivu, huhema, hutetemeka, na moyo wake hupiga kwa kasi au bila mpangilio. Katika hali mbaya hupata degedege na huweza kufa.

Hatua za kuchukua

Kwanza, mwondolee mbwa chokoleti iliyobaki na uhifadhi karatasi yake. Pili, kadiria aina na kiasi alichokula, saa aliyokula, na uzito wake. Tatu, mpigie simu daktari wa mifugo mara moja bila kusubiri dalili. Katika saa za mwanzo daktari anaweza kumtapisha mbwa kwa dawa na kumpa mkaa maalumu wa tiba unaonasa sumu tumboni. Teobromini haina kiuasumu. Matibabu yanayofuata ni maji ya mshipa, dawa za kutuliza degedege na uangalizi wa moyo. Mbwa anayeweza kutembea atolewe nje mara kwa mara akojoe.

Mambo ya kuepuka

Asinyweshwe maziwa kwa kudhani yataua sumu. Asipewe chumvi ili atapike, kwa kuwa chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Asitapishwe akiwa amelegea au ana degedege, kwani matapishi huweza kuingia katika mapafu. Asipewe dawa za binadamu kama parasetamo au ibuprofeni.

Tahadhari kwa mhudumu wa afya

Mbwa anayetokwa na mate, anayehangaika na kupata degedege huweza pia kuwa na kichaa cha mbwa. Habari ya chokoleti isiondoe shaka hiyo, hasa kama mbwa hajachanjwa. Usimshike mbwa mwenye degedege mdomoni. Mtu akiumwa au akikwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha afike kituo cha afya siku hiyohiyo ili atathminiwe kwa ajili ya chanjo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki.

Kwa mbwa na kwa aliyeumwa, jambo ni moja: anayesubiri dalili huwa amepoteza saa ambazo tiba ingefaa zaidi.